Mwalimu wa Ngoma na Ndiva Lililobomoka

Msibani walisema aliolewa na ngoma. Alisimama bwana mmoja mwenye suti, mwanafunzi wake wa zamani, akatoa hotuba ndefu kwamba Mwalimu hakuhitaji mume wala watoto, maana mume wake alikuwa ngoma na watoto wake ndio sisi aliotufundisha. Watu wakapiga makofi. Msibani, jamani! Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama wenzangu, nikasikia hasira imenipanda mpaka masikio yanawaka. Nikamnong'oneza jirani yangu, "Uongo mtupu." Akanigeukia. "Kwani wewe unajua nini?" Mimi ni mwepesi wa hasira na mzito wa kusema yanayotakiwa kusemwa, ndivyo nilivyo tangu utoto.

Ninachokijua ni hiki. Alikuwa na mchumba, na alimpenda. Mchumba mwenyewe alikuwa baba yangu mdogo. Na aliyeivunja ndoa ile kabla haijafungwa ni mimi, nikiwa mtoto wa miaka kumi, darasa la nne.

Mwalimu alikuja shuleni kwetu miaka michache tu baada ya Uhuru. Shule ilikuwa juu milimani, Upare ya kusini, kuta za mawe, na juu ya bati mawe mengine ili upepo usilibebe. Siku isiyo na ukungu ulisimama uwanjani ukaona tambarare yote ya chini: reli, barabara ya kwenda Hedaru, na mistari ya mkonge isiyokwisha. Huko kwenye mkonge ndiko alikozaliwa. Baba yake alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kutoka kusini, mama yake Mnyamwezi, na alikulia kambini, ambako kila Jumapili kila kabila lilipiga ngoma yake na watoto walizunguka kutoka duara moja hadi jingine. Yeye alizicheza zote. Tulisikia kwamba alipokuwa msichana watu walikuja kwa miguu kutoka mashamba ya mbali kumtazama tu. Baadaye akasoma, akapata ualimu, akaletwa kwetu.

Kwetu sifa hizo hazikuwa sifa. Sisi watu wa milimani tulikuwa na maringo yetu. Mtu wa kambini tulimwona hana kwao, hana kaburi la babu, hana mgomba alioupanda mjomba wake. Wamama walimwitikia salamu vizuri, halafu akishapita wakaangaliana.

Somo lake la kwanza nalikumbuka. Alitutoa uwanjani, akatuambia tuvue viatu. Tukatazamana. Hakukuwa na mtoto hata mmoja mwenye viatu. Akaitazama miguu yetu, akacheka mpaka akajishika kiuno, akasema, "Basi mmenitangulia." Walimu wengine walituchezesha kwa kuhesabu, moja mbili, moja mbili, fimbo mkononi. Yeye hakuhesabu. Alifumba macho, akapiga kisigino chini, akatuambia tusikilize ardhi inajibu nini. Tukaona huyu naye ana kichaa kidogo. Wiki ya pili hatukutaka kengele ya kwenda nyumbani ilie.

Alichezaje? Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza wanangu nikashindwa. Hakuwa mrembo wa kutajwa. Alikuwa mfupi, mikono ina makovu ya miiba ya mkonge, jino moja la mbele limepanda juu ya mwenzake. Lakini akianza, bega lilitangulia, kiuno kikaitika, mguu ukaja mwisho kabisa bila haraka yoyote, na wewe unayetazama unajikuta umeacha kupumua. Siku moja alituchezea ngoma ya wanaume wa kambini, filimbi mdomoni. Mwalimu mkuu, mtu mkali asiyecheka hata Krismasi, alitoka ofisini na kalamu yake nyekundu mkononi, akasimama mlangoni hadi mwisho. Akarudi ndani kusahihisha madaftari.

Mimi nilimpenda kwa namna ambayo mtoto asiye na mama anampenda mwanamke anayemjua jina lake. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba yangu alikuwa kibarua Tanga, tunamwona mara moja kwa mwaka. Nililelewa na bibi mzaa baba, na mwanamume wa nyumba alikuwa baba mdogo, fundi seremala. Huyo ndiye aliyeitwa shuleni kutengeneza madawati kumi. Madawati kumi yakamchukua miezi mitatu! Kijiji kizima kilimcheka. "Fundi, mbao za shule zimekuwa ngumu, eeh?" Naye anatabasamu tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mpole kupita kiasi. Upole ule niliupenda nikiwa mtoto. Siku hizi nikiukumbuka unanikasirisha.

Barua zao nilizibeba mimi. Kisha siku moja baba mdogo akamwambia Bibi kwamba anataka kuoa. Bibi alikuwa anachambua maharage. Akauliza, "Wa ukoo gani?" Baba mdogo akasema si wa ukoo wa huku. Bibi akachambua maharage yote hadi yakaisha, ndipo akasema, "Mtoto wa manamba." Akanyanyuka akaenda jikoni. Lakini wazee wa ukoo walikuwa wamelewa Uhuru bado, redio iliwaambia kila siku kwamba ukabila ni adui, wakamwambia Bibi aache mambo yaliyopitwa na wakati. Ikapangwa kwamba baada ya sherehe za Uhuru, mwezi wa kumi na mbili, wazee watashuka kambini kupeleka posa. Mwalimu akanunua kitambaa cha gauni, cha bluu chenye maua madogo. Alinionyesha mimi. Akaniuliza kama Bibi atakipenda. Nikasema atakipenda sana, na nilijua nadanganya.

Sasa niwaeleze habari ya ndiva, maana bila hiyo hamtaelewa. Ndiva ni bwawa letu la udongo na mawe. Maji ya mfereji kutoka mlimani yanaingia usiku kucha, asubuhi linazibuliwa, na kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Ukikosa zamu, umekosa chakula. Kila kiangazi ndiva linakaushwa, watu wote wanaitwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo hakuna kusema naumwa mgongo. Wanaume wanatoa tope na kubeba mawe. Wanawake wanaleta udongo wa mfinyanzi na kuushindilia ukutani kwa miguu, wakiimba, mstari mmoja mrefu, mabega yamegusana.

Na ndiva lina miiko yake. Mkubwa kuliko yote: chungu kilichoota moto hakiingii ndivani. Masizi na maji hayo hayakai pamoja. Hili alilijua kila mtu, mpaka kitoto kinachotambaa. Bibi yangu alikuwa mzee wa kanisa, akisali kwa sauti inayosikika barabarani, lakini kwa habari ya masizi na ndiva hakuwa Mkristo hata kidogo. Na kwa sababu lilijulikana na kila mtu, hakuna aliyelitamka. Nani atamwambia mtu mzima kwamba moto unaunguza?

Mwalimu aliwaona wamama wakishindilia ule ukuta na akapata wazimu wake. Nilikuwa pembeni yake. Alishika mkono wangu akanifinya bila kujua. "Hii ni ngoma," alisema. "Hawa wanacheza na hawajui kama wanacheza." Usiku ule hakulala, alituambia kesho yake. Akatunga ngoma ya wasichana kumi na wawili, kila mmoja na mtungi kichwani, kwa ajili ya sherehe za Uhuru kule Same. Tungecheza mbele ya wakubwa wote wa wilaya. Lakini akasema miguu yetu haiwezi kuigiza tope isilolijua. Akamwendea mzee wa maji, akaomba watoto tukashindilie kipande cha ukuta kilichobaki. Mzee akafurahi, nguvu kazi ya bure hiyo. Akasema leteni watoto. Hakusema zaidi.

Mwalimu akatuagiza kila mmoja aje na mtungi wa maji. Nyumbani kwetu mtungi ulikuwa mmoja, na Bibi akasema hautoki mlangoni kwenda kuchezewa na watoto. Nikalia. "Lia utakavyo," akasema. Mwalimu alikuwa ameshasema asiye na mtungi atakaa pembeni aimbe tu, na nafasi yangu mbele, katikati, ilikuwa inamezewa mate na msichana mmoja wa ng'ambo ya mfereji, mrefu, mwenye madaha. Thubutu! Nikachukua chungu kidogo cha makande. Nikakisugua kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikatoka damu. Masizi hayatoki kwenye chungu cha udongo, yamenywewa ndani. Basi nikakipaka udongo mwekundu nje yote, nikakianika juani nyuma ya nyumba, kikatoka kama mtungi mpya kutoka kwa mfinyanzi. Nilijua mwiko. Naandika hivi ili mtu asije akasema alikuwa mtoto, hakujua. Nilijua, na nikaenda.

Tulicheza ndani ya ndiva asubuhi nzima. Haki ya Mungu, sijawahi kuwa na furaha ile tena, hata siku ya harusi yangu. Tope lilifika kwenye vifundo, Mwalimu yuko mbele yetu gauni limefungwa juu ya magoti, anaita, tunaitika, ukuta unakuwa mgumu chini ya nyayo zetu. Kisha nikateleza. Chungu kikaanguka kikapasuka vipande vitano au sita, na ndani yake kulikuwa kweusi tii. Wenzangu walikuwa wamenipa mgongo, wanageuka na wimbo. Nikavifunika vigae kwa udongo, nikavikanyaga. Nikavishindilia ukutani kwa hatua zile zile alizotufundisha, nguvu zangu zote, mpaka havikuonekana. Mwalimu akapita akasema, "Umevunja mtungi? Pole mwanangu. Cheza, usisimame."

Bibi nilimwambia chungu kimeibiwa na watoto wa jirani. Alinitazama tu.

Vuli ilikuja na hasira mwaka ule. Zilibaki kama wiki mbili kufika sherehe, ndiva likajaa mpaka mdomoni, na asubuhi moja tukasikia mshindo. Ukuta ulikuwa umepasuka. Maji yaliteremka na mawe, yakafagia mashamba ya maharage ya nyumba saba, yakachukua banda la mbuzi, yakaacha kokoto mahali palipokuwa na udongo wa kulima. Mtu hakufa. Lakini wamama walikaa chini kwenye kokoto wakalia kama wamefiwa. Wanaume walipochunguza mahali ulipoanzia ufa wakavikuta vigae. Vyeusi. Leo mimi mwenyewe nikifikiri, naona kabisa kwamba udongo haukushikana pale penye vigae, maji yakapata njia. Wazee hawakuhitaji maelezo hayo. Waliyaona masizi, basi.

Vigae vikawekwa kwenye jani la mgomba uwanjani, kila mtu akapita kutazama. Bibi alipita, akainama, akakiona kipande cha ukingo chenye alama za kucha zilizofinywa na mama yake mzazi. Akasimama wima. Akarudi nyumbani na mimi nyuma yake.

Jikoni akauliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Nilitegemea kipigo, na ningekipokea kwa shukrani. Hakunigusa. Alikaa kwenye kigoda akifikiri, na nikaona uso wake unabadilika taratibu. Baba mdogo akaingia, vumbi la mbao bado liko kwenye nywele, na Bibi akamweleza yote hapo hapo mbele yangu. Chungu ni chetu. Mtoto ndiye aliyekipeleka. Baba mdogo akanigeukia. "Kweli?" Nikasema kweli.

"Ukisema," Bibi akamwambia, "nyumba hii itaondolewa kwenye zamu ya maji. Tutakula nini? Na huyu mtoto ataitwa aliyebomoa ndiva mpaka anazeeka, nani atamwoa? Funika kombe mwanaharamu apite. Yule ni mgeni, atahamishwa, ataanza kwingine. Sisi tunahamia wapi?"

Na mimi nilisikia katika sauti yake kitu kingine, kitu kama nafuu. Mungu amrehemu, alikuwa amefunguliwa mlango alioutamani. Baba mdogo alikaa kwenye kizingiti, mikono juu ya magoti. Alikaa hapo mpaka makande yakaiva. Akala, akaenda kulala.

Kikao kilikuwa kesho yake, mbele ya shule. Mzee wa maji akauliza ni nani aliyeleta chungu cha moto. Wasichana kumi na wawili tulikuwa tumesimama mstari mmoja. Kabla hajafika kwetu, Mwalimu akatoka mbele akasema, "Watoto niliwaleta mimi. Chungu ni changu."

"Mwalimu," mzee akasema, "wewe unapikia sufuria. Chungu umekitoa wapi?"

"Nimesema ni changu."

Watu wakanung'unika. Wengi walijua si kweli, nina hakika. Lakini jibu lilikuwa limepatikana, na jibu la mgeni halimuumizi mtu. Akatozwa kondoo wa kutakasa maji. Kisha mkubwa wa ukoo wetu, yule yule aliyemwambia Bibi aache mambo yaliyopitwa na wakati, akamgeukia baba mdogo. Akamuuliza mbele ya watu wote kama bado anataka wazee washuke kupeleka posa kwa mwanamke huyu. Mwalimu alimtazama. Alimtazama moja kwa moja, bila wasiwasi, uso wake umefunguka, kama mtu anayengoja kuitikiwa wimbo alioanzisha. Baba mdogo akatazama chini. Akasema, "Ninyi ndio wazee."

Hayo tu. Ninyi ndio wazee! Na mimi nilisimama pale na ulimi wangu mdomoni, mzima, haujakatwa, sikusema kitu. Nilisubiri aseme yeye, mtu mzima. Naye labda alinisubiri mimi.

Hatukwenda Same kwenye sherehe. Uhamisho wake ulikuja upesi. Alishuka mlima peke yake, sanduku kichwani, maana wazazi walituzuia kumsindikiza. Nilimwona kutoka kwenye migomba. Alipofika kwenye kona ya mwisho alisimama akageuka kutazama juu, akasimama muda mrefu sana. Baba mdogo alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni. Alipasua kuni siku ile za kutosha miezi miwili. Mwaka uliofuata akaoa msichana aliyechaguliwa na Bibi, wakazaa, na Ujamaa ulipokuja akawa mwenyekiti wa kijiji. Alisifiwa kwa busara. Nilikuwa nikimsikia anahutubia juu ya umoja, natoka nje.

Habari za Mwalimu zilitufikia kidogo kidogo. Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, watu waliwekwa pamoja ambao hawakujuana hata kwa salamu, huyu kaja na lugha yake, yule na ng'ombe wake. Alitumwa kwenye vijiji hivyo kutengeneza ngoma ambayo wote wangeicheza. Akafanikiwa pale ambapo wenye vyeo walishindwa. Baadaye akafundisha chuo cha ualimu, vijana wakatoka mkononi mwake wakasambaa nchi nzima. Halaiki kubwa za watoto kwenye viwanja, mamia wanageuka pamoja kwa mluzi mmoja, yeye ndiye aliyezitunga. Madereva wa mabasi walimpa kiti cha mbele.

Na kila aliyemfahamu alisimulia tabia yake moja. Haanzi ngoma mahali popote kabla hajakaa na wazee wa pale siku mbili, tatu. Anawaambia, niambieni miiko yenu. Wakimtajia, anasema bado, nitajieni na ile ambayo kila mtu anaijua. Hasa hiyo. Vijana wake walimtania kwa siri, wakimwita Mama Miiko. Wengine waliandika kwenye madaftari kama mbinu ya kufundishia. Mimi peke yangu nilijua ilikotoka.

Nikakua, nikaolewa Same mjini, nikapata kazi ya uuguzi kwenye zahanati. Bibi akafa. Baba mdogo naye akafa, ini, bado hajafika miaka hamsini. Miaka miwili baada ya mazishi yake, binti yangu akarudi shuleni anarukaruka, amechaguliwa kwenye halaiki, na mwalimu wa halaiki ni mama mmoja mfupi anayewaambia wafumbe macho wasikilize ardhi.

Wiki nzima sikulala vizuri. Mume wangu akauliza kama naumwa. Mficha uchi hazai, nikajiambia, na mimi nimeficha huu miaka kumi na saba. Nikapiga moyo konde. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari haionekani, lakini nilikuwa nimepata nusu kilo kwa kujuana, nikaifunga kwenye gazeti, nikaenda jioni, jua bado lipo, kwenye chumba alichopewa karibu na stesheni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Alinitazama. Nywele zilikuwa zimeanza mvi, jino lile bado limepanda juu ya mwenzake. Nilikuwa nimejiandaa kujitambulisha. Hakunipa nafasi. Akanitaja jina langu lote, na la baba yangu, akanivuta ndani, akafurahi mpaka nikaona aibu. Akachemsha chai, akaweka sukari yangu kwa uchoyo, kijiko nusu nusu. Akasema binti yangu ana kisigino kizuri. Akaniuliza habari za mlima, nani yu hai, nani kafa. Habari za baba mdogo hakuuliza. Alishasikia, nilijua.

Nikaweka kikombe chini nikamwambia. Sikupamba. Chungu kilikuwa changu. Nilikipaka udongo. Nilijua mwiko. Kikavunjika nikakizika ukutani kwa miguu yangu, na ulipobeba lawama nilikuwa nimesimama pale nikanyamaza. Nililia huku nasema, kamasi na machozi pamoja, mwanamke mzima.

Nilipomaliza akachukua khanga yake akanifuta uso, vile vile kama nina miaka kumi.

"Nilidhani ni wewe," akasema. "Niliona umevunja mtungi, na siku ya kikao wenzako wote walivitazama vigae. Wewe ulitazama miguu yako."

"Sasa mbona hukusema, Mwalimu?"

"Niseme nini? Nilikuwa naolewa nyumba ile." Akatabasamu kidogo. "Nikajiambia, chungu cha nyumba yangu, mtoto wa nyumba yangu, basi ni changu. Ningewaacha wakupige? Wakamtoze bibi yako, mkwe wangu? Nilifikiri nikishalibeba mimi, watakasirika mwezi mmoja, kisha yeye atasema neno, yataisha."

Treni ya mizigo ikapita, chumba kikatikisika, tukangoja ipite. Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeanza kuhisi kifua kimekuwa chepesi, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha akauliza, anatazama kikombe chake wala si mimi.

"Na yeye alijua?"

Nilimwona baba mdogo kwenye kizingiti, mikono magotini. Nilimsikia akiniuliza, kweli? Nilikuwa nimekwenda pale kusema kweli yote, nilikuwa nimeapa njia nzima, na kweli iliyobaki ilikuwa neno moja tu. Nikamtazama. Mikono yake ilikuwa imekishika kikombe kwa nguvu mpaka makovu yamekuwa meupe.

"Hapana," nikasema. "Hakujua. Bibi alimficha."

Alishusha pumzi ndefu, na mabega yake yakalegea. Machozi yakamtoka bila sauti, akayaacha yateremke.

"Nilijua," akasema. "Miaka yote hii nimejiambia, hakujua huyu. Aliamini tu waliyomwambia. Angejua, angenifuata."

"Angekufuata, Mwalimu," nikamwambia. "Angekufuata siku ile ile."